Nilimfundisha Mama Zawadi Kusema Aliona Asichokiona

Jina langu liacheni. Hata mkilijua halitawasaidia kitu. Chukueni kosa langu, maana hilo linaweza kumfaa mtu, mimi limeshanimaliza.

Nimekosa, ndugu zangu! Sikuiba, sikumpiga mtu. Nilimharibia mama mmoja maneno yake. Najua mtasema, maneno tu, kwani maneno ni nini? Hata mimi nilisema hivyo hivyo.

Mimi ni kijana wa Kivu ya Kusini, Kongo, nimekulia Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda. Mama yangu mzazi alifia hapa hapa kambini nikiwa mdogo. Aliyenichukua ni jirani yetu, Mama Zawadi, anayeuza sombe, majani ya muhogo, sokoni. Hakuwa ndugu yetu hata kidogo. Alinichukua tu, akanilisha sahani moja na binti yake Zawadi. Na huyo Zawadi ni mgonjwa wa selimundu, akishikwa na maumivu ya mifupa analia mpaka sauti inakauka. Nawaambia haya mjue kabisa niliyemkosea ni nani.

Nilipokua nikawa msemaji wa kikundi chetu cha vijana. Mkutano ukiwepo, mimi na kipaza sauti. Wageni wakija, mimi ndiye wa kuwaeleza. Basi siku moja chama cha maafisa uhusiano wa kule Mbarara kikatangaza kwamba kinatafuta vijana wa kuwalea katika kazi. Kila kijana anapewa mlezi wake, mtu aliyekomaa katika kazi hiyo, anamfuata na kujifunza kwake, na mwisho wa malezi anavalishwa beji ya chama. Nikaomba, nikachukuliwa. Kutoka kambini nilikuwa peke yangu!

Mama Zawadi alifurahi kuliko mimi. Alipika ugali wa muhogo na samaki, akawaita majirani. "Mutoto wangu anaenda kujifunza kusema na batu bakubwa," aliwaambia. "Sasa hata sisi tutasikiwa."

Mlezi niliyepewa anaitwa Madam Kyomuhendo, mama wa Biharwe, amesemea ofisi kubwa kubwa mpaka nywele zimeingia mvi. Mkali, lakini ana moyo. Tulikuwa tunakutana kwenye ukumbi mmoja pale Ruti, na alinifundisha mengi. Kwamba neno zito litangulie. Kwamba msikilizaji ana haraka, usimzungushe. Kwamba ukiulizwa swali la kukutega, rudi kwenye ujumbe wako na ukae hapo hapo. Nilikuwa nameza kila kitu kama mtu mwenye njaa.

Lakini kuna kitu kingine alichonifundisha kabla ya hayo yote. "Sikia mimi, ssebo," aliniambia siku ya kwanza. "Kazi yetu ni kusaidia mtu anasema yake vizuri. Hapana weka chumvi kwa chakula ya mtu. Yeye ndiye atakula. Wewe utakuwa umeenda zako."

Nikasema ndiyo Madam. Liliingia sikio hili likatokea la pili.

Sasa sikilizeni. Mama Zawadi akaitwa kwenye mahojiano. Kwa sababu ya ule ugonjwa wa Zawadi, jina lao lilikuwa limefikiriwa kwa safari ya kupelekwa nchi ya tatu, kule ambako mtoto angepata matibabu ya kudumu. Wakimbizi mnaosoma hapa mnajua mahojiano hayo ni nini. Unaulizwa upya yaliyokukuta, na wana maneno yako ya kwanza, yale uliyoyasema siku ulipofika.

Mama Zawadi akanijia. "Weye unasomea kusema," akasema. "Nisaidie. Miye nikianza kueleza, batu banasinzia."

Ni kweli, alikuwa anaeleza kwa kuzunguka. Alianza na mbuzi! Kwamba Baba Zawadi alikuwa na mbuzi, na kwamba alikuwa na mwanya katika meno ya mbele, akipuliza mluzi katika ule mwanya mbuzi wote wanarudi nyumbani wenyewe. Kwamba asubuhi ile yeye alikwenda shamba na mtoto mgongoni, akamwacha mume wake anawapigia mbuzi mluzi. Kisha milio ya risasi. Alipothubutu kurudi, nyumba ilikuwa tupu, mbuzi wametawanyika, na kandambili moja ya mume wake iko mlangoni. Maiti hakuona. Akakimbia na wengine.

Hadithi yake yote iliishia hapo: "Sijue kama alikufa, sijue kama iko fasi fulani."

Na kwa sababu hajui kama mume wake amekufa au yuko mahali, alikuwa na desturi yake ambayo kambi nzima inaijua. Mabasi ya wakimbizi wapya yakifika mapokezi, pale Kabazana, Mama Zawadi anamwachia jirani sombe zake, anafunga kitenge vizuri, anakwenda kusimama kutazama wanaume wanaoshuka. Miaka yote hiyo! Wengine walikuwa wanamcheka. Yeye anarudi, anaketi, anaendelea kuuza.

Basi nikakaa naye nyuma ya nyumba, mimi mtaalamu! Nikaanza kukata.

"Mama, ya mbuzi toa. Anza na Baba Zawadi. Sema hivi: balimuua bwana yangu mbele ya macho yangu."

Akanitazama. "Lakini sikuonaka, mutoto wangu. Nilikuwa ku shamba."

"Mama, miaka yote hii, angekuwa hai si angekuja?"

Akawa anachuma chuma nyuzi za kitenge chake. Halafu akasema polepole, "Pengine balimuua kweli."

"Basi! Ni hivyo hivyo. Wale watu wanasikiliza wengi. Ukisema sijui, sijui, watachoka nawe. Fikiria Zawadi."

Hapo kwenye jina la Zawadi ndipo nilipomshinda. Nililijua hilo, na nililitumia. Akasema ile sentensi mara ya kwanza, machozi yakamtoka. Na mimi, Mungu anisamehe, badala ya kuona kwamba nimemuumiza mama yangu, nilifurahi kwamba inafaa! Nikamwambia, "Hapo hapo mama, simama kidogo, kisha endelea." Tukarudia siku baada ya siku mpaka ikamkaa mdomoni.

Aibu niliyo nayo nikikumbuka mambo haya!

Haikutosha. Kwenye chama tulipewa zoezi, kila kijana aeleze jinsi alivyomsaidia mtu mmoja kusema habari yake. Nikasimama Ruti mbele ya wanachama, nikawasomea maneno ya Mama Zawadi kama nilivyoyatengeneza. Nikabadilisha jina lake, basi nikajiona nimetimiza heshima yote. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alitoa kitambaa akajifuta macho.

Madam Kyomuhendo hakupiga makofi. Alinivuta pembeni. "Huyu mama alisema hivi yeye mwenyewe? Kwa mdomo yake?"

"Ndiyo, Madam."

"Kabisa?"

"Kabisa, Madam."

Nilimdanganya mlezi wangu nikimtazama usoni. Nilikuwa bado nina raha ya makofi.

Siku ya mahojiano ikafika. Mama Zawadi alivaa kitenge chake cha kanisani. Aliporudi, hata salamu ya majirani hakuitikia. Aliketi kwenye kigoda akavua viatu, ndipo akanieleza.

Alisema neno zito kwanza, kama nilivyomfundisha. Mwenye kumhoji akaacha kuandika. Akamwuliza, mama, siku ulipofika hapa ulisema hukuwepo nyumbani na maiti hukuona. Leo unasema walimuua mumeo mbele yako. Lipi ndilo? Mama Zawadi akababaika. Halafu akakumbuka mafundisho yangu, kwamba swali likikutega rudi kwenye ujumbe wako. Akarudi! Akaulizwa tena, akarudi tena! Kila aliporudi alikuwa anajizamisha zaidi, na mimi ndiye niliyemwonyesha njia ya kwenda chini.

"Akaniuliza, nani alikufundisha?" alisema.

Nikauliza haraka: "Ukamjibu nini, mama?"

"Nikasema hakuna." Akanitazama kwa huruma, yeye ndiye anayenihurumia mimi! "Ningekutaja namna gani? Weye iko na masomo yako."

Baada ya muda jibu likaja. Dosye, yaani faili lao, imesimama. Maneno hayaaminiki. Mama Zawadi, mtu ambaye akikuta sombe zake zimenyauka anakwambia mwenyewe usinunue, ameonekana mwongo!

Nikakimbilia Biharwe kwa Madam. Nililia mbele yake nikamweleza yote. Alishika kichwa. "Banange! Nilikuambia nini juu ya chumvi?" Kisha akakaa, akaongea taratibu. "Ukiharibu, wewe wa kwanza kusema. Hapana ngoja wakukamate. Enda ofisi yao kesho asubuhi, sema ni mimi nilifundisha huyu mama. Kesho, umesikia?"

Nilisikia. Lakini, ndugu zangu, sherehe ya kuvalishwa beji ilikuwa imekaribia. Nikawaza, nikienda sasa, habari itafika chama, nitafukuzwa, na nitabaki sina hili wala lile. Nikajiambia ngoja sherehe ipite. Nikamwambia Madam kwa simu kwamba nimekwenda. Uongo wa pili, kwa mtu yule yule!

Nikavalishwa beji. Mama Zawadi alikuja na gari la mapema kutoka kambini, akakaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini. Nilipoitwa alipiga vigelegele peke yake, watu wakageuka kumtazama. Hawakujua kwamba ndiye yule waliyemlilia siku ile. Mimi nilijua, na nilitabasamu kwa ajili ya picha.

Nilikwenda kwenye ofisi ya mahojiano baadaye, nimechelewa. Nikasema yote. Afisa alinisikiliza bila kunigombeza. Akasema kama ni hivyo, mama anaweza kuomba kusikilizwa tena, lakini lazima aje mwenyewe, aeleze tangu mwanzo kwa mdomo wake, jinsi ilivyokuwa. Hakuniahidi kitu. Lakini mlango ulikuwa na upenyo! Nilirudi nyumbani karibu nikimbie.

"Mama, safari hii hakuna kukata," nilimwambia. "Anza na mbuzi. Sema yote kama zamani."

Akaanza. "Tulikuwa na mbuzi..." Akasita. Akapapasa paji la uso. Kisha akasema, "Balimuua mbele ya macho yangu. Kwa panga. Alianguka pale ku mulango, damu ikafika ku kandambili."

Panga! Damu! Mimi sikumfundisha panga wala damu!

"Mama, hapana. Wewe ulikuwa shamba."

"Nilikuwa shamba?" Aliniuliza mimi. "Lakini ninamuona. Kila nikifunga macho ninamuona."

Nilimwomba, nilimbembeleza, nilipiga magoti. Tumejaribu tena na tena. Siku nyingine anasema alikuwa shamba, siku nyingine anasema alikuwa mlangoni, na siku zote mbili analia kweli. Hajui tena. Nitampelekaje mtu huyu kwenye mahojiano? Na mahojiano mengine yanakuja.

Madam nilimweleza na ule uongo wa pili. Beji nimemrudishia mkononi. Aliipokea, akaniambia nisiache kwenda kwa yule mama. Wala hakuhitaji kuniambia. Zawadi amelazwa tena Mbarara, na mimi ndiye ninayekaa naye mchana. Jana aliniuliza: "Kaka, kwa nini mama alisema uongo?" Nikageukia ukutani.

Nyinyi mnaojifunza kusemea watu, nawasihi! Mtu akija kwako na hadithi yake, hata ikiwa ndefu, hata ikiwa na mbuzi, mwache aseme. Msaidie kupaza sauti, usimtilie neno. Asiposema ameona, basi hakuona. Lile "sijui" lake usiliguse, huenda ndilo linalomshikilia duniani. Na ukiharibu, nenda siku ile ile, usingoje kupigiwa makofi.

Maana hamjasikia kubwa kuliko yote. Mabasi yalikuja tena kutoka mpakani juzi. Nikamwona Mama Zawadi ameketi kwenye sombe zake, hainuki. Nikamwambia, mama, wageni wamefika, huendi?

"Nimutafute nani?" akanijibu. "Si balimuua?"

Basi sasa naenda mimi. Mabasi yakifika Kabazana nasimama pale alipokuwa anasimama, nawatazama wanaume wanaoshuka. Sura ya Baba Zawadi siijui, sijawahi kumwona. Ninachokijua ni kile kipande cha mbuzi na mluzi nilichomwambia mama akitoe. Kwa hiyo nawatazama mdomoni, mmoja mmoja, natafuta mwanya.