Nyuzi za Bi Sikuzani

Bi Sikuzani binti Mussa alikuwa msusi wa mikeka pale Ng'ambo, mjini Tabora, na alikuwa somo wa wasichana wa mtaa mzima. Kwetu somo ndiye mwanamke anayemchukua msichana siku anapovunja ungo, akamfundisha kujisitiri, kujitakasa na kunyamaza. Hilo la mwisho alilifundisha vizuri kuliko yote. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nzito kwa ajili ya ugoro, na ukichelewa kumwitikia alikuita mvivu mbele za watu. Sina picha yake hata moja. Ndiyo maana naandika.

Kila mwari wake alikuwa na uzi wake wa katani, wenye ushanga mmoja mwanzoni wa rangi ya kuutambulisha. Ukiingia mwezini ulikwenda kwake, ukasema shikamoo, ukakaa mkekani. Naye, bila kukuuliza neno, alitoa uzi wako akapiga fundo. Mwezi ukipita hukutokea, aliacha nafasi tupu ya upana wa kidole. Binti akiolewa uzi wake hautajwi tena, na wengi tulidhani hutupwa. Kumbe zote zilikaa kwenye kopo la bati alilotengenezewa na baba yangu, fundi Twalibu. Baba alijivunia kifuniko cha kopo lile miaka nenda miaka rudi, asijue kinafunika nini. Walipokuja vijana wa elimu ya watu wazima kumwandikisha darasani, Bi Sikuzani aliwaambia kwamba daftari analo, tena limejaa.

Mimi ni Mwanne, binti wa kwanza wa Twalibu na Batuli. Mama yangu naye aliwahi kuwa mwari wa Bi Sikuzani. Aliolewa akiwa darasa la sita, na katika nyumba yetu yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, akiandika kwa mkaa juu ya vipande vya bati vilivyobaki kwenye kazi za baba. Nikikosea herufi alinipiga kwa kidole. Nikipatia alinyamaza, lakini kipande kile hakukifuta siku nzima.

Mwaka wa sabini na mbili Ramadhani iliingia mwezi wa kumi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimeshafanya mtihani wa darasa la saba, nangoja majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Mwaka wa nyuma yake nilikula siku sita kwa ajili ya hedhi, nikazilipa baadaye kwa manung'uniko mengi. Mwaka ule nilifunga mfululizo, nikaona Mungu kanipendelea.

Siku ya ishirini na tisa jirani yetu Bi Zeyana, ambaye mume wake aliuza tende na halua sokoni, alileta sahani ya futari. Wanawake mwezi ukiisha huulizana wanadaiwa siku ngapi, na yeye akaniuliza mimi kwa utani. Nikamjibu kwa kujishaua kwamba sidaiwi hata moja.

Mama alikuwa anachagua mchele. Mikono ikasimama. Bi Zeyana alisema mashallah, akaondoka haraka kuliko alivyokuja, akaisahau sahani yake. Mama akaniuliza habari ya mwezi wa Shaabani. Nikamwambia Shaabani pia sikupata, wala Rajabu, na nilisema hivyo kwa furaha, mjinga mimi, nikidhani nitasifiwa.

"Nani?" mama akauliza.

Sikuelewa. Akauliza tena, polepole, na hapo nikaelewa.

Niliapa kwa kila kitu ninachokijua. Nilikuwa sijapata kushikwa hata mkono na mwanamume. Mama hakunipiga, na laiti angenipiga ningeona nafuu. Alimwambia baba kwamba mtoto ameharibikiwa, basi, mambo mengine mwanamume haelezwi. Baba aliacha kuitikia salamu zangu. Idi ilipopita alituma barua kwa treni hadi Kaliua, kwa Humaidi, mwenye duka, mgane wa makamo aliyekuwa amekwisha kuniposa mara mbili akakataliwa. Mara hii akakubaliwa bila maneno. Ndoa ikapangwa siku kumi baada ya Idi, ili tumbo likionekana lionekane Kaliua.

Mtu atasema kwa nini hawakunipeleka kliniki. Ili mtu akuone umekaa kwenye benchi la wajawazito? Kwetu kukaa pale ni kama hukumu imeshasomwa. Na shule haikumpokea msichana mwenye mimba, hilo kila mtu alilijua, kwa hiyo wazazi wangu walijiambia kwamba sekondari imekwisha kunipotea hata kabla ya majina kutoka.

Mimi mwenyewe nikaanza kuyumba. Watu wazima wawili wakiamini una mimba, unaanza kujipapasa tumbo. Tena rafiki yangu Koleta aliwahi kuniambia kwamba msichana anayeruka miezi hatazaa maisha yake. Kwa hiyo juma lile nilikuwa mjamzito na tasa kwa wakati mmoja, na sikuwa na wa kumuuliza lipi ni lipi.

Siku ya tatu baada ya Idi mama alimwita Bi Sikuzani aje kunitengeneza kama bibi harusi. Alinifungia chumbani, akanitazama mwili mzima, akanibonyeza tumbo, akaniuliza maswali ambayo hata leo nikiwauliza wasichana wengine huona haya. Nikamjibu yote. Akatoka, akamwambia mama kwamba huyu hana kitu.

Mama akajibu kwa adabu kwamba somo anamsitiri mwari wake, na kazi ya somo ndiyo hiyo. Bi Sikuzani akachukua ugoro wake akaondoka bila kuaga. Nilimsikia akifunga mlango wa uani, nikajua nimekwisha. Nililia nikamtukana kimoyomoyo, Mungu anisamehe.

Kabla ya adhuhuri alirudi na kopo la bati chini ya kanga. Akakaa mkekani, akazimwaga nyuzi zote mbele ya mama, akazinyoosha moja moja. Hakutaja uzi wa nani. Alionyesha tu: huu miezi miwili mitupu, mwenyewe ana watoto watano, huu mmoja, kisha miwili, leo ni bibi wa watu, huu umejaa mafundo, hakuruka hata mara moja, na wa namna hiyo ni wachache. Kisha akatoa uzi wenye ushanga wa buluu. Mama akashika mdomo.

"Huu nautaja," akasema Bi Sikuzani. "Hapa uliruka miezi mitatu, Batuli. Wa nne ukaolewa."

Mama akasema baba yake ndiye aliyeona shule inatosha.

"Mama yako ndiye aliyemwambia. Alihesabu siku zako za Ramadhani kama ulivyohesabu za huyu. Akaja kuniuliza mimi. Nikamwambia sijui, na nilikuwa najua."

Kuku aliingia hadi mkekani na hakuna aliyemfukuza. Halafu mama akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Nilikaa miaka minne ndipo nikampata Mwanne."

"Nilikuwa naihesabu," Bi Sikuzani akajibu. "Nilifundishwa kwamba somo hawapingi wazazi. Wako sikuwapinga. Nisamehe, mwari wangu. Lakini huyu hapandi treni."

Mama hakusema kama amesamehe. Alichukua ule uzi wa buluu, akauviringa kidoleni, akajifunga kanga ya pili, akatoka kuelekea sokoni. Maisha yake yote hakuwa amekanyaga kibanda cha baba wakati wa kazi. Wapiga bati wenzake wanasema nyundo zilinyamaza zote. Alisimama mlangoni akamwambia baba maneno matatu: "Kaliua hataenda mtu." Baba alimtazama, akatazama kidole kile kilichofungwa uzi, na kwa hekima ambayo sijui aliipata wapi hakuuliza. Humaidi alifika kwa treni na mfuko wa sukari, akapokewa stesheni, akapewa chai na udhuru, akarudi na sukari yake. Namshukuru hata yeye, maana hakuleta fujo.

Kesho yake tulikwenda kliniki sote watatu, kwa mlango wa mbele. Tukakaa kwenye lile benchi katikati ya matumbo ya watu, mama kulia, Bi Sikuzani kushoto, na aliyetaka kututazama alitazamwa yeye mpaka akainamisha macho. Muuguzi Marcelina alinipima, akathibitisha kwamba sina mimba. Akaeleza kwamba miaka michache ya mwanzo mwili unakuwa bado haujatulia, na mwezi unaweza kuruka. Akatutajia pia wasiwasi wa mtihani, chakula kidogo na kulima shamba la shule juani. Alisema ukiruka miezi mitatu ni vizuri kuja kupimwa, kama tulivyofanya, ila si alama ya ugumba. Hapo nililia kuliko siku zote. Bi Sikuzani akamwonyesha nyuzi. Marcelina alizishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga, akauliza kama anaweza kukaa nazo asubuhi moja anakili. Akakataliwa, lakini akaalikwa kahawa.

Hedhi ilirudi mwisho wa Novemba. Nilikwenda kwa Bi Sikuzani mbio, nikasahau hata shikamoo, naye akasahau kunigombeza. Desemba majina yakatoka, langu likiwamo. Januari mimi nikaenda sekondari na mama akaenda kwenye darasa la watu wazima. Hakwenda kusoma, maana alijua. Alikwenda kufundisha, na kidole chake kile kile kiliwapiga wanawake wenye umri wa mama yake.

Leo mimi ni muuguzi, kliniki ile ile. Bi Sikuzani alikuwa akiniletea wari wake, anawapanga benchini, kisha anasema, "Mimi nimewafundisha adabu. Wewe wafundishe mwili." Uzazi wa majira mwanzoni aliukataa katakata, akidhani vidonge vinakausha kizazi. Miezi kadhaa alikaa kwenye pembe ya chumba changu akisikiliza, na akina mama wakiogopa kuuliza yeye ndiye aliyewaulizia, kwa sauti ile nzito, mambo ambayo hata mimi niliona haya kuyajibu. Mwishowe alikuwa akiwaleta waliozaa mfululizo akiwashika mkono. Na kila Ramadhani alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia akina mama kwamba mtoto akifunga siku zote wampongeze, kisha wamlete kwake, na wasiulize nani.

Alifariki mwaka juzi, baada ya mvua za kwanza. Kopo aliniachia mimi. Siku ya arobaini nililifungua nikautafuta uzi wangu, nikaupata, na ile nafasi tupu ya vidole vitatu ikiwapo. Wa mama haukuwamo. Nilimwuliza kama aliutupa.

Mama alifungua pindo la kanga yake. Ulikuwa umechakaa, ushanga wa buluu umepauka, na mahali palipokuwa patupu pana mafundo matatu mapya. Nikamwuliza nani ameyapiga. Akasema aliyapiga Bi Sikuzani, jioni ile nilipopanda gari kwenda shule, wawili wao wamekaa mkekani. Alikuwa ameomba radhi tena.

"Nikamwambia hiyo miezi leo nimeiona," mama akasema. "Apige."