Pumzi ya Ruti

Umeme umerudi Mpemba, jirani na Tunduma, lakini Zebedayo Mbonile hana haraka na kompyuta. Anasukuma benchi ukutani, anakung'uta mkeka, kisha anawaita akinamama wa kwaya waliotoka Ruanda, Mbozi, wasimame kama wanavyosimama kanisani.

"Wewe mwenye kitenge cha njano, kanisani unasimama hapo?"

"Hapana. Huwa nasimama nyuma ya huyu mnene."

"Basi rudi nyuma ya mnene."

Wanacheka wote, na mnene mwenyewe ndiye anayecheka zaidi. Zebedayo anaweka maikrofoni moja mbele yao, nyingine anaining'iniza darini. "Imbeni mpaka mwisho," anawaambia. "Mkikosea tutarudia tangu mwanzo. Mimi sitaunga vipande."

Zebedayo, mwenye umri wa miaka 38, ni mtayarishaji wa muziki, au prodyuza kama wanavyomwita vijana wa Tunduma. Wateja wanaovuka kutoka Zambia humwita kwa heshima Ba Zebe. Studio yake ni chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kilichojengwa mbali kidogo na barabara kuu ili ngurumo za malori zisiingie kwenye nyimbo. Wimbo mmoja anatoza shilingi elfu themanini, na zipo wiki ambazo hapati hata huo mmoja.

Zamani hakufanya kazi hivi. Kwa miaka kumi aliwaingiza waimbaji mmojammoja, kisha akashinda kwenye kompyuta akiwasafisha.

"Nilijulikana kwa usafi," anasema. "Sauti ikitoka kwangu haina kikohozi, haina mkwaruzo, haina pumzi. Mtu akiyumba namnyoosha, akichelewa namvuta. Watu walisema nyimbo zangu zinang'aa kama sahani mpya."

Kilichombadilisha ni kazi aliyoipata Agosti mwaka jana, 2014.

Kwaya ya akinamama kutoka jirani na Mbozi Mission ilikuja kurekodi nyimbo nne. Mwimbishaji wao, Ruti, mjane wa miaka 61, alikuwa na rovu shingoni lililoanza kumbana koo. Alipangiwa upasuaji Jumatatu. Daktari alimweleza bila kumficha kwamba mishipa ya sauti iko jirani na uvimbe, hivyo sauti yake ingeweza kubadilika, au isirudi kabisa. Kwaya ikaamua sauti hiyo iwekwe kabla ya kisu.

Ijumaa Zebedayo alimrekodi Ruti peke yake. Jioni akaisafisha sauti kama kawaida yake, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa, akafuta ile ya awali. Jumamosi akawavalisha wanakwaya wengine hedifoni ili waimbe juu ya sauti ya Ruti.

Wakashindwa. Wengine waliingia mapema, wengine walichelewa, tena kwenye nyimbo walizoziimba miaka nenda miaka rudi. Mwalimu wao, Watson, alipunga mikono mpaka shati likamlowa jasho. Zebedayo akawawekea mdundo wa kuhesabia, wakazidi kupotea.

"Jamani, mmelogwa?" Watson alifoka.

Ketrina, anayeimba sauti ya pili, akavua hedifoni. "Hatujalogwa, Mwalimu. Mimi huwa namsikiliza Ruti avute pumzi, ndipo naingia. Huyu wa humu ndani hapumui."

Wenzake wakatazamana. Kumbe wote ndivyo walivyofanya. Hakuna aliyewafundisha, walizoea tu, Ruti akivuta pumzi, nao wanaingia.

"Basi zirudishe pumzi zake," Ketrina akasema.

"Nimezifuta, mama."

Ruti alikuwa ameketi nyuma, kitambaa kimezungushwa shingoni. Hakugomba. "Haya, mwanangu," alisema kwa sauti iliyochoka. "Umeniondoa pumzi hata daktari hajanigusa."

Walicheka kidogo. Ilibaki siku moja, na Ruti alisema koo lake lingeweza kuimba kila wimbo mara moja tu.

Jioni hiyo Zebedayo alisikiliza kanda ya zamani ambayo mtu aliirekodi kwa redio kaseti kanisani mwaka 1991. Mama yake, Fortunata, aliyefariki mwaka 2006, yumo katikati ya sauti nyingi.

"Namtambua kwa kikohozi," anasema taratibu. "Kabla ya ubeti wa pili anakohoa kidogo, halafu anaimba. Sauti yake nyingine sina. Nikajiuliza, kanda hii ingepita mikononi mwangu, mama angekuwa wapi?"

Jumapili, baada ya ibada, alibeba vyombo vyake mpaka kanisani kwa kina Ruti. Hakumtenga mtu. Ruti alisimama mbele kidogo, akavuta pumzi, na kwaya nzima ikaingia pamoja naye kama mlango uliofunguliwa kwa mkono mmoja.

Wimbo wa tatu, kwenye kupanda, sauti yake ikakatika. Zebedayo alifumba macho. Lakini wenzake hawakusimama. Waliongeza sauti wakamshikilia, miguu ikipiga sakafu, mpaka Ruti akarudi katikati ya mstari. Wimbo wa nne waliukimbiza kwa furaha, wakaumaliza kwa kasi kubwa kuliko walivyouanza.

"Turudie ule wa tatu?" Watson aliuliza.

"Sauti nyingine sina," Ruti akajibu, akakaa.

Watu walisubiri Zebedayo aseme. Nyimbo zote nne alikuwa amezisikiliza kwa hedifoni zilipokuwa zikiimbwa; akaivua, akaiweka chini.

"Yumo," alisema. "Mzima mzima."

Vigelegele vilivyofuata navyo vimo kwenye CD, kwa sababu alisahau kuzima.

Baada ya upasuaji, Ruti hakuruhusiwa kuongea kwa wiki tatu. Zebedayo anasema siku hizo kila simu ilipoita moyo ulimruka. Siku moja akapokea, akasikia sauti nzito, ya chini, asiyoijua: "We Zebedayo, unakula vizuri lakini?"

"Nilikaa sakafuni," anasema, akicheka. "Nikamwambia, mama, hata kama nilikuwa na njaa imekwisha."

Leo bado anawatengenezea vijana midundo kwa kompyuta, na hana ugomvi nayo. Ila kwaya haikatikatwi tena. Anazungumza na mwenye ghala la zamani la kahawa karibu na Vwawa; akilipata, waimbaji thelathini watasimama pamoja bila kubanana.

Ruti, ambaye sasa anaimba sauti ya tatu, amekwisha kumwambia kwamba wimbo wa kwanza humo ni wake. Zebedayo alimuuliza kama angependa aipandishe sauti yake kidogo kwa kompyuta, ifanane na ya zamani.

"Ya zamani si unayo?" Ruti alimjibu. "Sasa chukua na hii."