Mbegu za Alizeti

Huku ughaibuni, kwenye mtaa wa matajiri uitwao Pearl ninakofanya kazi za ndani, mtoto wa madam hali mbegu za alizeti mpaka nimbangulie. Hunyoosha kiganja tu, macho yakiwa kwenye simu. Harufu ile ya chumvi na kuungua hunirudisha utotoni, kwenye kambi ya Wachina waliojenga barabara yetu, mama akiwafulia nguo.

Bosi wao, kijana wa saa ya dhahabu, alikaa kivulini. Mpishi wao, mzee wa Kichina, alimbangulia mbegu kwa kucha na kuziweka kwenye kisosi.

"Huyu alikuwa fundi mkuu kiwandani kwetu," bosi alimwambia mama. "Mimi nilimfulia soksi. Kiwanda kikafungwa, nikatajirika. Sasa ona."

Akamwaga kisosi mchangani. "Anza tena, fundi mkuu."

Mzee akaanza tena. Mama alicheka kwa sababu bosi alikuwa anamtazama. Mimi nilicheka kwa sababu ilinichekesha.

Bosi akafurahi. "Mbangulie na mtoto."

Kucha za mzee zilikuwa zimepasuka, mbegu zikaja na damu kidogo. Nilizifuta kwenye gauni, nikala. Zilipokwisha nilinyoosha kiganja tena, bila kumtazama.