Safari ya Mama kutoka Mtae hadi Oslo

Nilipopata mtoto wangu wa kwanza huku Oslo, ambako nafanya kazi ya uuguzi, mama alinipigia simu kutoka kijijini kwetu Mtae, kule milima ya Usambara, akasema anakuja kunitunza. Hakuwahi kupanda ndege. Hata Dar es Salaam alikuwa amefika mara chache tu, tena kwenye misiba.

Nikaangalia mtandaoni. Kutoka Dar hadi Oslo ni karibu kilomita elfu nane, na kwa kuwa angebadilisha ndege Doha, safari ingekula karibu siku nzima.

"Mama, utachoka," nikamwambia.

"Siku nzima nimekaa kwenye kiti naletewa chakula, nachokaje?"

Mimi wasiwasi wangu ulikuwa Doha. Kiwanja kile ni kikubwa na mama hajui Kiingereza. Nilitaka aombewe mtu wa kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu, akakataa katakata. "Kwani mimi naumwa?"

Siku ya kumpokea, mimi na mume wangu tulisimama na mtoto wetu tukitazama abiria wakitoka mpaka wakaelekea kwisha. Kisha mlango ukafunguka tena, nikamwona mama. Amevaa kitenge na sweta, na mgongoni amebeba mtoto wa Kizungu, amefungwa khanga, kalala fofofo. Kando yake mwanamke kijana alikuwa anasukuma toroli lenye mizigo yao wote, huku mtoto mwingine ameshikilia koti lake.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza nimrudishe mtoto wa watu."

Yule mwanamke akanieleza kwa Kinorwe. Alikuwa anasafiri peke yake na wanawe wawili, na pale Doha mdogo alilia mpaka yeye mwenyewe akaanza kulia. Mama akamsogelea, akatoa khanga kwenye mkoba, akainama na kumwonyesha mgongo. Kuanzia hapo wakaenda pamoja: mwanamke akitafuta njia, mama akibeba. Hawakuwa na lugha hata moja ya kuelewana.

Nikamtafsiria mama. Akacheka. "Mwambie mtoto wake hana usumbufu."

"Na ndege je, mama?"

"Ndege haina kazi. Kazi ilikuwa Mtae hadi Lushoto. Mvua imeharibu barabara, tumeshuka kusukuma basi na matope mpaka magotini."

Kwa miaka mingi nyumbani wamenisifu kuwa mimi ndiye niliyefika mbali kuliko wote katika ukoo wetu. Lakini mimi nilisindikizwa na masomo, na Kiingereza, na watu wa kunipokea kila nilipotua. Mama alikuja na khanga na mgongo wake.

Alimpokea mjukuu wake, akamtazama usoni kwa muda, akamsemesha Kishambaa taratibu, kisha akatangulia kuelekea nje. Nilimfuata kifua mbele, nikitamani kila aliyekuwa pale ajue kwamba yule ni mama yangu.