Karanga Juu ya Redio

Harufu ya dagaa walioanikwa juani hainifikii puani peke yake. Huja na vayolini. Msimu mmoja wa likizo utotoni, majirani zetu wa Kitaji, Musoma, walikuwa wameanika dagaa kila penye nafasi, na ndani baba alikuwa akipiga kaseti moja kutwa nzima: mtu mmoja akipiga vayolini mbele, kundi zima la vyombo likimwitikia nyuma. Kaseti hiyo aliachiwa na mwalimu wake wa zamani wa muziki. Mimi na kaka yangu tuliirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili betri zisiishe. Wimbo wa mwisho wa upande wa pili, ulioanza polepole kisha ukatimka kama mbuzi aliyekata kamba, niliuhesabu kuwa wangu.

Likizo hiyo bibi, mama yake baba, alikuja kutoka Butiama kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho moja likiwa limefungwa bandeji, hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Alisogeza lile zima karibu na picha ya mpigaji kwenye jalada la kaseti, akauliza, "Huyu mbona amelalia chombo chake? Anaumwa?" Lakini muziki wenyewe aliuelewa kuliko sisi. Kwao mtu akisimama kujigamba kwenye ngoma, wenzake humwitikia, na akimaliza sifa zake hupigiwa vigelegele na kutunzwa. Bibi alisikia jambo lilelile. Kila mara mpigaji alipopanda juu kabisa na kutua, alipiga kigelegele, akainuka kwa kupapasa, akaweka karanga chache juu ya redio. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu alicheza mbali na kwao, akatunzwa Kitaji. Karanga tulizila sisi watoto, kwa hiyo hatukuona sababu ya kumsahihisha bibi.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa. Siku moja habari ikaja kutoka Bunda kwamba kwaya zinazotaka kuimba kwenye mkutano mkubwa zitume nyimbo zao, na mwisho ni kesho. Maduka yalikuwa yameishiwa kaseti tupu. Nilipomwona baba akitafuna karatasi nilijua kinachofuata, maana ndivyo kila mtu alivyofanya: ukiziba kwa karatasi iliyotafunwa vile vishimo viwili vya juu, kila upande na chake, kaseti yoyote inakubali kurekodiwa upya. Nililia hadi kwikwi.

"Magesa," bibi alimwita baba, "mtu akiwa anajigamba mnamkatizaga?"

"Mama, hii ni kaseti tu."

"Mimi nimemtunza, sasa ni mtu wangu. Mwachie upande mmoja, nyie mchukue mmoja."

Penye wazee hapaharibiki neno. Baba akaziba kishimo kimoja tu. Upande wa kwanza ukapona. Wa pili, wenye wimbo wangu, ukaenda na maji. Jioni kwaya ikajibana sebuleni, bibi akaonywa anyamaze, na akaitikia kwa kichwa. Lakini mama mmoja wa sauti ya kwanza alipoimba peke yake, akapanda, akapanda, kisha akatua, bibi alisahau kila alichoonywa. Kigelegele chake kilijaa nyumba nzima. Baba alishika kichwa. Betri zilikuwa zimechoka, hapakuwa na kurudia, kaseti ikaenda Bunda hivyohivyo. Kwaya ikachaguliwa! Mpaka leo wanakwaya wanabishana kama ni kwa sauti zao au kwa kigelegele.

Juzi niliukuta wimbo wangu kwenye simu, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Nilifurahi mno, nikausikiliza nimesimama katikati ya jiko. Mpigaji alipanda, akatua, na baada yake pakawa kimya. Bibi ametangulia siku nyingi. Nikaazima redio ya kaseti kwa jirani, nikatoa ile kaseti, iliyorudishwa kutoka Bunda na ambayo niliirithi kwa baba, nikaweka upande wa pili, ule nilioulilia. Kwaya ikaimba kwa kukwaruza, kisha bibi akaingia, mzima kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili. Nilicheka na machozi yakanitoka. Kile nilicholilia utotoni kipo leo kwenye kila simu ya mjini. Kigelegele kile kipo kwangu tu.

Binti yangu, karanga mkononi, akauliza ni nani huyo anayeingilia wimbo wa watu. Nikachota chache mkononi mwake, nikaziweka juu ya redio.