Hadisi Yangu, Jina ya Bwana Yangu

Barua hii ilifika ku ukurasa wetu wa basomaji. Jina ya mwenye kuiandika tumeificha, vile aliomba.

Basomaji, miye niko mwanamuke wa miaka makumi mbili na sita, ninakaa hapa Élisabethville, mu cité, mutaa ya bantu beusi. Niko na batoto batatu: wa kwanza iko na miaka tano, wa pili tatu, wa tatu anaanza kutambaa. Sitafuti pole. Ninaandika na hasira, na hasira yangu ninaitaka.

Kuandika nilifundishwa na masista. Tangu niliolewa, hadisi zangu ninaziandika nikisimama, ku meza ya kupigia pasi, sababu nikikaa tu, wa pili anapanda ku magoti, ananyanganya kreyo ya kuandikia. Mutoto ku mugongo, maharagi ku mbabula ya makala, ninaandika. Maharagi ikiungua, bwana ananigombeza. Hadisi ya kwanza ilinichukua miezi tano.

Bwana yangu iko karani, na ku biro yao kuko mashini ya kuandika. Nikamuomba aipige, aitume ku gazeti. Ikatoka. Chini yake, jina yake! Nilipomuuliza, akacheka: "Mama batoto, nani atasoma hadisi ya mwanamuke? Si tuko nyumba moja?" Nikarudi ku meza ya pasi. Nilikuwa mujinga, semeni tu. Ya pili, jina yake. Ya tatu, jina yake.

Ya ine ilikuwa ya mama yangu, namna alikufa mu mikono yangu. Niliiandika nikilia, mpaka mutoto naye akalia. Ilipotoka, barafiki ya bwana bakakuja kwetu, bakamushika mukono: "Pole, ndugu. Mama yako alikuwa muntu wa maana." Na yeye akainamisha kichwa, akasema aksanti! Mama yake iko muzima, anakula bukari yake kila siku! Miye nilikuwa palepale, ninabapatia chai. Ee Mungu wangu! Siku ile moyo yangu ilimukataa.

Sasa anaomba karti ya ba évolué, yenye bazungu banapatia muntu mweusi mwenye anaishi kizungu. Siku ya posho, jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, bazungu ba komisio yenye kuitoa batakuja kuangalia nyumba: kama tunakula ku meza, kama batoto banajua kukamata kanya, ile uma ya kulia. Lakini mukubwa wao, mupadri mwenye anasoma Kiswahili, anapenda hadisi. Ya tano nilimupatia bwana nusu tu, na ile nusu imetoka mu gazeti. Mupadri alimutumia neno: "Siku ile utatusomea mwisho wake."

Mwisho sijaandika, uko mu kichwa yangu tu. Jana bwana akapiga magoti mu kikoni: "Mama batoto, nakuomba, nipatie ule mwisho." Nikamujibu: "Muulize mama yako, ule mwenye alikufa."

Njia ya mwongo ni fupi. Ninataka akauke mbele ya bale bazungu, jasho imutoke, halafu miye, mutoto ku mugongo, niseme mwisho neno kwa neno. Lakini karti ikipotea, mutoto wangu wa kwanza hataingia ku masomo ya bazungu, na yeye hakuniibia kitu.

Basomaji, zaidi ninyi bamama wenye munapika na kulea: nimupatie ule mwisho, ao nimuache apate haya? Munijibu mbele ile siku ya posho haijafika.

Na wewe, Baba batoto, ninajua unasomaka ukurasa huu kila juma. Barua hii nayo utaweka jina yako?