Mbavu, Mbwa Asiyebweka

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile nywele za mama yangu zilipokuwa zikidondokea mgongoni mwa mbwa wetu. Mama amekaa chini kwenye vumbi, mnyoaji yuko nyuma yake na wembe, watu wametuzunguka. Mbwa kajilaza miguuni pa mama, katulia tuli. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mnaona? Hata sasa habweki!" Watu wakaguna. Aliyesema hivyo ni Longino, mdogo wake marehemu baba yangu. Namtaja kwa jina, wala sinong'oni.

Ngoja nikurudishe nyuma, usije ukadhani mama yangu alikuwa mchawi.

Yule mbwa tuliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuja Ifakara miaka ya hamsini kupima maji ya mto. Mama alikuwa akimfulia nguo. Kazi yake ilipokwisha akaondoka, mbwa akabaki mlangoni kwetu. Hakuwa mbwa kama hawa unaowajua. Miguu mirefu kama ya ndama, kifua kikubwa, tumbo limeingia ndani, mbavu unaziona zote. Majirani wakasema tunamshindisha njaa. Wakamwita Mbavu, kwa kejeli. Sisi tukalichukua jina lile likawa letu, tukawa tunamwita kwa sauti kubwa ili wasikie.

Njaa? Mwanangu, yule mbwa alikula kuliko mimi! Mama akianika samaki juu ya uchanja, Mbavu anapita na kumchukua mmoja bila hata kunyanyua mguu, kwa ule urefu wake. Nikimfukuza, wapi! Kiangazi, nyasi za mbugani zikishaungua, alikuwa akiwaona sheshe, wale swala wa bondeni kwetu, mbali kabisa, mahali ambapo mimi naona vumbi tu, na akiondoka huoni miguu. Akirudi analala kutwa nzima kama mzee aliyetoka kulima. Nyama tulikula. Na baba mdogo Longino alikula, tena alikuja bila kuitwa.

Masika alitetemeka sana, kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nyembamba na manyoya mafupi kama ya panya. Mama akakata kaniki yake kuukuu, akamshonea kitu cha kumfunika mgongo, akamlaza ndani, kwenye mkeka wangu. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mbwa kulala ndani! Na kubweka habweki. Ni kweli, hakuwa mtu wa kubweka. Mgeni akija anamtazama tu, kisha anakwenda kumwegemea miguuni mpaka mgeni anayumba. Ndivyo alivyoumbwa, anawinda kwa macho, mdomo kaufunga.

Jioni moja Longino akaja tukiwa uani na majirani.

"Shemeji," akamwambia mama, "mbwa gani huyu habweki usiku? Au wanaopita usiku anawajua?"

"Anabweka akiona mwizi, shemeji," mama akajibu, anapepeta mchele wake. "Pita usiku ujaribu."

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Longino hakucheka. Alikuwa na haja yake: shamba la mpunga la baba, lile la karibu na mto, lisilokosa maji. Kumfukuza mama hivi hivi asingeweza. Lakini mama akishaitwa mchawi, nani atamtetea? Akazunguka nyumba kwa nyumba anasema mbwa wetu habweki kwa sababu wachawi amewazoea, analala nao.

Wazee wa ukoo, Kasiani na Otmari, wakaamua mama akanyolewe ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Siku zile mtu akishutumiwa uchawi alipelekwa kwa mnyoaji, ananyolewa, anakunywa dawa, basi. Lakini sikiliza hapa. Kwa desturi ile anayeshutumu na anayeshutumiwa hunyolewa pamoja, siku moja, wembe mmoja, ili kama ni uongo umrudie aliyeusema. Bonde zima lilijua hivyo. Ndiyo maana mama alipanda mtumbwi bila kulia, na Mbavu akaruka ndani nyuma yake.

Mnyoaji alipomaliza kichwa cha mama akafuta wembe. "Aliyemleta yuko wapi? Naye akae."

Longino akaishika kofia yake. "Mimi nina kidonda kichwani. Nitakuja siku nyingine."

"Ivue, shemeji, tukione hicho kidonda," mama akasema.

Hakuivua. Aligeuka akashika njia ya kwenye mitumbwi. Kasiani na Otmari wakatazama chini kama watu waliodondosha kitu. Wakamwacha aende zake. Msimu uliofuata Longino akalima shamba letu, sisi tukalima vibarua kwenye mashamba ya watu.

Unadhani mama alijifunga kitambaa? Hakujifunga. Alivuka mto kipara kinang'aa juani, akapita katikati ya soko la Ifakara, Mbavu ubavuni. Mtu akicheka, mama anasimama anamtazama, mbwa naye anamtazama, mpaka aliyecheka anakumbuka kwamba ana safari. Na Mbavu aliendelea kulala ndani, kwenye mkeka wangu, mpaka alipokufa kwa uzee.

Basi, mwanangu, nakwambia hivi. Unachokipenda nyumbani kwako, awe mtu au mnyama, usikitoe nje kwa sababu majirani wamecheka. Na mtu akikuletea tuhuma, usikimbilie kujitetea. Tazama kwanza macho yake yameelekea wapi. Ya Mbavu yalikuwa kwa sheshe. Ya Longino yalikuwa kwenye mpunga wetu. Ukishajua, mtaje. Mungu akupe nyumba yenye joto, na shingo isiyoinama mbele ya mwongo.

Nawe baba mdogo Longino, shikamoo. Uko hai. Jumapili nakuona kanisani, benchi la mbele, kofia umeshika mkononi, mvi kichwa kizima na kovu hata moja halipo. Watoto wa ukoo hawa hapa, wanasikiliza. Waambie mwenyewe kidonda kilikuwa wapi. Ukishindwa, kaa chini kwenye vumbi kama alivyokaa mama. Wembe ule ulikuwa wa watu wawili.